Sentimita 158 za begi la ndege zinahesabiwaje?

"Mwanangu mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 61, naishi Mbagala. Binti yangu yuko Hamburg, Ujerumani, amejifungua mtoto wa kwanza, na mwezi ujao nakwenda kumlea mzazi na mtoto. Tiketi kaninunulia yeye. Imeandikwa 2PC, kila begi kilo 23, halafu chini kuna maneno 158 cm / 62 in, L+W+H. Nimekwenda Kariakoo nikanunua begi la turubai lenye magurudumu, kibandiko chake kinasema inchi 32, nikataka kuongeza la pili kama hilo. Muuzaji kanihakikishia kwamba 32 mara mbili ni 64, kwa hiyo mabegi yote mawili yatazidi inchi mbili tu na hakuna atakayeziona. Mkwe wangu anasema 158 ni ujazo. Jirani yangu anayekwenda China kufuata mzigo anasema nisijisumbue, uwanjani wanaangalia kilo tu. Binti kaomba pia mkeka wa ukili, kinu kidogo na mchi wake, na mbuzi ya kukunia nazi. Nimeshindwa hata kuanza kupanga. Nimsikilize nani?"

Shikamoo mama, na hongera kwa kuitwa bibi.

Nianze na jibu lenyewe ili leo ulale. Ile 158 ni jumla. Unachukua begi moja, unapima urefu wake, upana wake na unene wake kwa sentimita, kisha unajumlisha. Ukipata 158 au chini yake, begi limefaulu kwa ukubwa. Herufi L, W na H ni vifupisho vya Kiingereza vya urefu, upana na kimo, na zile alama za kujumlisha katikati yake ndizo zinazokueleza ufanye nini. Usihangaike kujua upande upi uitwe urefu na upi uitwe kimo, kwa sababu ukijumlisha vyote vitatu majina hayabadilishi kitu. Na kila begi linapimwa peke yake. Una ruhusa ya mabegi mawili, kwa hiyo una 158 mbili, moja kwa kila begi. Huwezi kuchukua sentimita zilizobaki kwenye begi dogo ukazihamishia kwenye kubwa.

Sasa hao watu wako watatu. Wote wamekosea, ila kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, ndiyo maana wamekuchanganya.

Muuzaji kakosea zaidi, na kosa lake ndilo litakalokugharimu. Ile 32 ya kibandiko ni kipimo cha upande mmoja tu wa begi, ule mrefu. Ni sawa na kwenda kwa fundi cherehani ukampa kimo chako peke yake, ukamwacha abahatishe mabega na kiuno. Inchi moja ni sentimita 2.54, kwa hiyo inchi 32 ni sentimita 81 na kidogo, na mara nyingi hapo magurudumu hayajahesabiwa. Mabegi ya namna hiyo, nikiyapima, yakisimama kwa magurudumu yake hufika 82 hadi 84, upana kama 54 na unene kama 34. Tuchukue kipimo cha chini: 82 na 54 na 34 ni 170. Begi lako, kama ni la kawaida ya daraja hilo, limezidi kwa sentimita 12 likiwa tupu. Tena limezidi peke yake, kabla ya kulinunulia pacha. Usikubali neno langu, lipime mwenyewe, ila kwa sasa la pili usilinunue.

Mkwe wako amekosea kisomi. Ujazo unapatikana kwa kuzidisha pande tatu, na jibu lake lingekuwa lita au sentimita za ujazo. Hapa pameandikwa sentimita tupu. Hiki ni kipimo cha mstari, yaani cha kitu unachoweza kukinyoosha chini kama uzi. Chukua uzi, uufuatishe kwenye urefu wa begi, ukifika kona uukunje ufuate upana, kona nyingine uukunje ufuate unene, ukate hapo. Unyooshe sakafuni. Huo uzi mmoja ndio unaopimwa, na ndio usiotakiwa kuvuka sentimita 158. (Utaona pia kwamba futi ya fundi cherehani haiufikii, maana huishia sentimita 150, ambazo upande wake wa pili ni inchi 60.)

Mtu mwenye akili kama mkwe wako atauliza, kwa nini basi wasitumie ujazo, wakati nafasi ndani ya ndege ni ya ujazo? Swali zuri. Mashirika yanataka kuzuia vitu viwili kwa pamoja: mzigo mnene unaokula nafasi, na mzigo mrefu unaokwama kwenye kona za mkanda na usiopangika na wenzake. Ujazo unakamata wa kwanza tu. Bomba la mita nne lenye unene wa kidole kimoja lina ujazo usiofika lita mbili, dogo kuliko jagi la maji mezani, lakini jaribu kuliingiza kwenye tumbo la ndege. Ukijumlisha pande, bomba hilo linaumbuka mara moja, kwa maana urefu wake peke yake ni 400.

Jumla ina tabia nyingine ambayo wengi hawaioni, nayo inakusaidia wewe unayepanga. Kwa jumla ileile ya 158, umbo ndilo linaloamua utabeba kiasi gani. Kitu chenye pande sawa, kama boksi la kila upande sentimita 52 na nusu hivi, kinabeba karibu lita 146. Kwa debe letu la lita 20, hayo ni madebe saba na kitu. Begi la kawaida la 75 kwa 50 kwa 33, ambalo jumla yake pia ni 158, linabeba lita 123 hivi, madebe sita. Ukirefusha ukafika 130 kwa 14 kwa 14, jumla bado ni 158 lakini kilichobaki ndani ni debe moja na robo. Kila sentimita unayoongeza kwenye urefu unaikata kwenye upana au unene, na urefu ndio unaolipa vibaya kuliko zote. Ukienda tena kuchagua begi, chagua lililonenepa kiasi, uache refu jembamba.

Usidhani lakini kwamba utayajaza hayo madebe sita. Mchele wa kilo 23 unaenea kwenye debe moja na nusu hata usifike. Kwa vitu vizito, kilo zinakwisha zamani begi likiwa bado linapwaya. Ukubwa huwa tatizo kwa vitu vyepesi: nguo za mtoto, mito, mashuka, ukili. Khanga ziko katikati, zinaonekana nyepesi mpaka uzipange doti ishirini ndipo zinapokuonyesha.

Jirani wa China sasa. Yeye hajadanganya, amekueleza alichokiona. Pale kaunta mzani uko chini ya begi, kila begi linapimwa kilo litake lisitake. Futi haiko chini ya begi. Iko kwenye droo, na hutolewa pale jicho la mhudumu linapotilia shaka. Nilikaa kaunta miaka kadhaa kabla ya kuhamia kazi ya kuwashauri wasafiri, na nakwambia kwamba jicho la mtu anayepokea mabegi mia mbili kwa zamu moja linazoea. Begi la sentimita 160 linapita bila kusemwa. La 170 linaanza kuonekana limesimama kama mtu katikati ya wenzake. Jirani yako alipita kwa sababu hakupimwa, na kutopimwa hakukuandikwa kwenye tiketi ya mtu. Anaweza kupita Dar, akaguswa anaporudi, kwenye kaunta ya mtu asiye na haraka.

Kuna jambo jingine linalowezekana kwa jirani. Huenda tiketi yake ni ya aina nyingine. Yako imeandikwa 2PC, yaani vipande viwili, kila kimoja na kilo zake na ukubwa wake. Tiketi nyingine huandikwa 30K au 40K, yaani kilo 30 au 40 kwa jumla, uzigawanye utakavyo. Kwenye mfumo huo wa kilo, baadhi ya mashirika huachia ukubwa wa begi kwa kiasi kikubwa, ndiyo maana wafanyabiashara wanapita na mizigo kama magodoro. Wewe hauko kwenye mfumo huo. Ushauri wa mtu mwenye tiketi ya kilo haumfai mwenye tiketi ya vipande, hata kama mnapanda ndege moja na mnakaa viti vya jirani.

Na kilo na ukubwa ni kesi mbili tofauti. Begi la kilo 15 lenye jumla ya 170 bado limezidi ukubwa, huwezi kujitetea kwamba ni jepesi. Likizidi vyote viwili, mashirika mengi hutoza mara mbili, hili la kilo na lile la ukubwa. Kikomo cha kilo hakikuwekwa kwa ajili ya ndege tu. Kilo 23 ni ratili 50 za Kiingereza, na kilo 32, ambazo ni ratili 70, ndizo ambazo mashirika mengi hayavuki hata ukiwa tayari kulipa, kwa sababu ya migongo ya wapakiaji. Kwenye ndege kubwa kama Boeing 787 mabegi huwekwa kwanza kwenye makontena madogo, aina inayoitwa LD3, yenye kimo cha sentimita 163 hivi. Kwenye ndege nyingi za mwili mwembamba hupangwa moja moja na vijana waliopiga magoti ndani ya tumbo la ndege, wala hawawezi kusimama wima. Ukikumbuka hao vijana, sheria ya kilo inaeleweka.

Tupime basi. Kosa ninalolikuta kila wiki ni watu kupima begi tupu, lililolala kitandani, bila magurudumu. Shirika linapima begi kama lilivyofika kaunta: limejaa, magurudumu yapo, vishikio vya pembeni vipo, mfuko wa mbele umevimbishwa na ndara. Mkono mrefu wa kuvutia ukiwa umezamishwa ndani hauhesabiwi, isipokuwa kile kipande chake kinachobaki juu.

Kwa hiyo pakia kwanza. Lisimamishe begi sakafuni, mgongo wake uguse ukuta. Weka ubao au kitabu kigumu juu yake, kilale sawasawa mpaka kiguse ukuta, piga alama ya penseli ukutani chini ya ubao. Kutoka sakafuni hadi alama ndiyo urefu wako, na magurudumu yamo. Kisha ligeuze, upande mwembamba uguse sakafu, fanya vilevile kupata upana, na mara ya tatu upate unene, ukipima pale palipovimba zaidi. Ukuta hausemi uongo kama futi inayopindapinda juu ya turubai. Ukipata nusu sentimita, panda juu, usishuke. Na upime kwa sentimita moja kwa moja, usipime kwa inchi halafu ugeuze, kwa maana ukipunguza robo inchi kila upande umejidanganya karibu sentimita mbili. Inchi 62 kamili ni sentimita 157 na nusu. Wakaikuza ikawa 158. Mimi huwaambia watu walenge 155, zinazobaki ziwe za kitambaa kutanuka.

Angalia pia zipu ya kupanulia, ile ya ziada inayozunguka begi katikati. Ikifunguliwa inaongeza unene kwa sentimita nne au tano. Begi la 76 kwa 50 kwa 30 lina 156 na limefaulu. Fungua hiyo zipu, unene uwe 35, na jumla ni 161. Mtu kapima nyumbani kwake Jumatatu, Jumatano shangazi kaleta kifurushi cha dagaa, zipu ikafunguliwa, na hakukumbuka kupima tena.

Shangazi nimemtaja kwa bahati tu, lakini kanikumbusha lile begi lenye jina lake. Shangazi kaja, ule mfuko wa miraba wa plastiki, ndio mgumu kuliko yote kupima kwa sababu hauna mifupa. Nilipokuwa kaunta alikuja mzee mmoja na shangazi kaja aliyefungwa kamba mpaka amekuwa duara kama tikiti maji. Nikapima, 174. Mzee akaomba dakika kumi. Akafungua kamba, akatoa blanketi moja tu lililokuwa limekunjwa katikati, akaufunga upya ukawa bapa, nikapima tena nikapata 157. Lile blanketi alilibeba begani mpaka ndani ya ndege na hakuna aliyemuuliza. Mfuko laini unapimwa pale ulipovimba, kwa hiyo uvimbe ukihama na kipimo kinahama.

Kwa begi lako la inchi 32, hata hivyo, mbinu hiyo haitoshi, na nisikupe matumaini ya bure. Lina fremu. Urefu na upana haviminyiki. Kinachominyika ni unene, na hata ukiufunga mikanda ukatoka 34 ukawa 28, jumla itakuwa 164. Bado umezidi. Njia zilizobaki ni tatu. Ya kwanza, na ndiyo ningeifuata, ni kurudi Kariakoo na risiti kabla halijachafuka, ukiwa na futi mkononi, ubadilishe kwa dogo zaidi. Mengi yanayoandikwa inchi 28 huangukia 155 hadi 158, lakini kibandiko usikiamini, pima palepale dukani mbele ya muuzaji, magurudumu yakiwemo. Akikasirika, mwache akasirike. Ya pili ni kulipia ukubwa uliozidi, kwenda na kurudi, na kwa kawaida malipo ya njia mbili yanaweza kupita bei ya begi lenyewe. Ya tatu ni kulibakisha nyumbani liwe sanduku la khanga. Kuna faida ya ziada katika kubadilisha: begi kubwa likiwa tupu linaweza kuwa na kilo tano au sita, na hizo zote zinakatwa kwenye zile 23 zako. Kama huna mzani wa kuning'iniza, panda kwenye mzani wa kujipimia uzito ukiwa umelibeba begi, kisha panda bila begi, tofauti ndiyo kilo zake. Au mwombe Mangi wa dukani kwenu, wengi wana mzani wa gunia.

Mkeka ndio nimeufikiria zaidi, kwa sababu hapa hesabu inafurahisha. Tuseme ni wa sentimita 180 kwa 120. Watu wengi huuviringisha wakaacha ule upande mrefu uwe urefu wa bomba: 180, na unene wa duara kama 14. Kitu cha duara kinapimwa urefu wake, halafu kipenyo mara mbili, maana kina upana na unene vilevile. Hivyo 180 na 14 na 14 ni 208. Umekataliwa. Sasa uviringishe kwa upande wa pili, bomba liwe na urefu wa 120. Duara litanenepa kidogo, kama 17. Jumla ni 120 na 17 na 17, yaani 154. Mkeka uleule umepita.

Ila usifurahi haraka mama. Mkeka huo ukipita kama mzigo, umekula kipande kimoja kati ya viwili ulivyo navyo. Umetoa kilo 23 za ruhusa kwa kitu cha kilo tatu. Kwangu mimi hiyo ni biashara mbaya, isipokuwa kama huna vitu vingi vya kujaza begi la pili. Kama binti anautaka wa kumwotesha mtoto jua na kukalia tu, tafuta msala mdogo au mkeka wa mtoto ambao upande wake mmoja hauzidi sentimita 65, uuviringishe uingie ndani ya begi. Hamburg yenyewe jua haliwaki kila siku.

Kinu kidogo cha kimo cha 40 na kipenyo cha 28 kina jumla ya 96, kinaingia begini, na shimo lake usiliache wazi, lijaze soksi na nguo za mtoto. Mchi wa sentimita 80 unaonekana hautaingia kwenye begi lenye urefu wa ndani wa 70. Utaingia ukiulaza kona kwa kona. Begi la ndani 70 kwa 46 lina mshazari wa karibu 84. Mshazari ni rafiki yako ndani ya begi, na nje yake hauhesabiki kabisa, kaunta hawapimi kona kwa kona. (Hapo ndipo wanaonunua televisheni Dubai wanapojikwaa. Inchi za televisheni ni za kona kwa kona za kioo, na boksi ni hadithi nyingine. Ya inchi 43 ina upana wa sentimita 95 kabla ya boksi, na boksi lake hufika kama 105 kwa 65 kwa 13, ambazo ni 183. Ya inchi 32 kwa kawaida inapita.) Mbuzi ikunje, ulimi wake ufunge kwa kitambaa kinene na gundi ya karatasi usije ukachana begi. Mchi na mbuzi vyote viwili viende kwenye begi la chini ya ndege, usithubutu kuviweka mkononi, watu wa usalama watavichukua na hutavirudishiwa.

Begi la mkononi lina sheria yake, na hapa jumla inaweza kukudanganya. Mashirika mengi huandika pande tatu zikiwa mbalimbali, kwa mfano 55 kwa 40 kwa 20. Ukijumlisha unapata 115, na mengine huandika hiyo 115 peke yake. Lakini pale langoni kuna kasha la chuma la kupimia, na kasha halijui kujumlisha. Begi la 45 kwa 45 kwa 25 pia ni 115, ila kwenye kasha la 55 kwa 40 kwa 20 halizami, ugeuze utakavyo. Kwa hiyo la mkononi kila upande ufaulu peke yake. Vipimo hivi havijawahi kuwa sawa duniani kote. Mwaka 2015 IATA, chama cha mashirika ya ndege, kilipendekeza kimoja cha pamoja, 55 kwa 35 kwa 20, kelele zikapigwa hasa Marekani kwamba ni kidogo mno, na ndani ya siku chache wakakisimamisha. Fuata kilichoandikwa kwenye tiketi yako, hata kama mtu mwingine ana kingine.

Neno moja kwa wasomaji wengine wanaoanzia safari Mafia, Zanzibar au mbugani kwa ndege ndogo kama Cessna Caravan: huko 158 isahauni. Mara nyingi ni kilo 15, begi laini lisilo na fremu, na begi gumu la magurudumu linaweza kuachwa kiwanjani hata kama ni jepesi, kwa sababu mlango wa sehemu ya mizigo ni mdogo.

Mama, kabla hujabadilisha begi, mpigie binti umuulize jambo moja: je, tiketi ni moja mpaka Hamburg au alinunua mbili kwa kuunganisha? Kama ni moja, masharti uliyonisomea kwa kawaida ndiyo yanayokufikisha. Kama ni mbili tofauti, ile ya pili ina masharti yake, na ndege za bei nafuu za Ulaya hazina huruma kabisa kwa mabegi, hata sentimita mbili zinalipiwa.

Mahali ambapo jibu langu linaishia ni pale utakapoamua kuupeleka mkeka mkubwa kama mzigo wa peke yake, au ukipima begi jipya ukakuta 159 au 160. Hapo usiamue kwa kubahatisha wala kwa maneno yangu. Nenda ofisi ya shirika hapa mjini au kwa wakala wao, wiki mbili kabla ya safari, ukiwa na namba ya tiketi na vipimo vyako vitatu kwenye karatasi. Waulize mambo mawili, kama wanapokea na watatoza kiasi gani, na uwaombe wakuandikie kwa barua pepe au waingize kwenye taarifa za tiketi yako. Jibu la mdomo la ofisini halimfungi mhudumu wa usiku kule Terminali ya Tatu. Wakikupa bei ya kutisha, uliza pia bei ya kutuma kama shehena, ukijua kwamba huko utahitaji wakala wa forodha na binti atalazimika kwenda kuuchukua mzigo mwenyewe. Na kama magoti yanakusumbua, omba kiti cha magurudumu hapohapo ofisini; hakilipiwi na hakihesabiwi kwenye mizigo yako.

Nimeona hukutaja samli wala nyama kavu ya mzazi, ila nawajua mabibi. Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kuingia na nyama wala vitu vya maziwa kutoka kwetu, hata kopo dogo lililofungwa vizuri. Hivyo viache Mbagala, na zile kilo zake uzipe mchele.